"Mfungeni mwezi mmoja, atatoka safi"

Niliisikia tena kwenye kikao cha kamati ya usalama, safari hii kutoka kwa mama aliyekaa mstari wa mbele na mfuko wa nguo mapajani. Alikwishamfungashia mwanawe anayetumia dawa za kulevya: mkamateni tu, akae ndani mwezi mmoja, atatoka safi. Nusu ya ukumbi ikaitikia. Afisa wa polisi akanitupia jicho, mimi mnasihi wa waraibu, nijibu upesi tuendelee na ajenda.

Upesi haiwezekani. Ni kweli arosto, yale mateso ya mwili ukikosa dawa uliyoizoea, hupita. Kwa heroini siku tatu za mwanzo ndizo kali. Wiki ikiisha, jasho, kuharisha na maumivu ya mifupa vimepungua. Ndugu wanakuja kumtazama, wanamkuta amenenepa, wanasema kapona. Kumbe kilichoondoka ni mazoea ya mwili kwa dawa, hamu ipo palepale. Siku ya kutoka anarudi kijiweni, anatumia kipimo kilekile cha zamani, na mwili haukiwezi tena. Pumzi zinapungua, midomo inabadilika rangi, wenzake wanadhani amelala tu, anakoroma. Utafiti wa jimbo la Washington, Marekani, uliochapishwa mwaka 2007, ulikuta kwamba katika wiki mbili za mwanzo baada ya kutoka gerezani, hatari ya kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129 ya ile ya wakazi wengine.

Ndiyo maana kila kikao nadai jambo lilelile, na wajumbe wamenichoka: mtu asitoke ndani kabla kliniki haijapigiwa simu. Aliyekuwa kwenye methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, aendelee kuinywa hukohuko. Nyumbani kwake pawe na naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha heroini, na mtu anayejua kuitumia. Polisi peke yao hawaliwezi hilo, nasi wa kliniki vilevile. Kama kamati kazi yake ni kuhesabu waliokamatwa, si tungetumiwa ripoti tu?

Eti methadoni ni kubadilisha unga kwa unga. Hapana. Inanywewa mara moja kwa siku, inamtuliza mtu kutwa nzima, na akishapata dozi inayomfaa hana sababu ya kukwapua simu ili atulize arosto ya jioni.

Pombe nayo wanasema aache leoleo. Mnywaji wa kila siku, wa miaka, akikata ghafla anaweza kupata degedege na kuweweseka, hata kufa. Aonwe na daktari kwanza.

Na wanaodhani tunawapa polisi majina ya wagonjwa, tunachopeleka ni idadi: wangapi wameanza dozi, wangapi wamekatiza. Siku tutakayopeleka jina moja, kesho yake dirisha la dawa halitakuwa na mtu.

Kikao kilipokwisha, yule mama alinifuata na mfuko wake. Nikamwandikia saa za kliniki nyuma ya karatasi ya ajenda.