Koncheto ni nini? Mmoja na wengi katika jukwaa moja

Ukiingia ukumbini kusikiliza muziki wa klasiki wa Ulaya ukakuta piano kubwa imesogezwa mbele kabisa, kifuniko kimeinuliwa, na okestra nzima imeketi nyuma yake, jua kwamba inakuja koncheto. Mpiga piano huingia na mwongozaji wa okestra, huinamia wasikilizaji, huketi, na mara nyingi huanza kwa kukaa kimya. Okestra hutangulia. Yeye anasubiri zamu yake, mikono mapajani, huku watu mamia wakimtazama.

Koncheto ni utungo wa vyombo ambamo chombo kimoja, au vichache, hutoka mbele ya okestra na kuzungumza nayo. Hupokezana, huitikiana, hubishana, hukubaliana. Kwa kawaida huwa na sehemu tatu: ya kwanza ya kasi, ya pili ya taratibu, ya tatu ya kasi tena. Huyo wa mbele tumwite mpiga solo, kama tunavyomwita yule wa gitaa katika bendi za dansi.

Neno lenyewe ni la Kiitaliano, na lina tabu yake. Katika Kiitaliano, kitenzi lilikotoka humaanisha kupatana, kupanga jambo pamoja. Katika Kilatini, kitenzi hichohicho humaanisha kushindana. Mwaka 1619 Mjerumani Michael Praetorius, mtunzi na mwandishi wa mambo ya muziki, aliufuata upande wa Kilatini: kwake koncheto ilikuwa mapambano ya makundi ya sauti. Wasomi wamevutana sana kuhusu maana ipi ndiyo ya kweli. Mimi naona zote mbili zimo, na kwamba karibu kila mtunzi mkubwa wa koncheto alilazimika kuamua ugomvi uwe kiasi gani na mapatano kiasi gani.

Mwanzoni jina hili halikuwa la vyombo peke yake. Mwaka 1587 Andrea Gabrieli na mpwa wake Giovanni walichapishiwa Venice kitabu cha tungo zilizoitwa hivyo, na ndani yake mlikuwa na uimbaji. Hata Mjerumani Johann Sebastian Bach, zaidi ya miaka mia moja baadaye, aliandika neno hilo juu ya tungo zake kadhaa za kwaya za kanisani.

Koncheto ya vyombo ilipata umbo Italia mwishoni mwa karne ya 17. Arcangelo Corelli, aliyeishi Roma, aliligawa jukwaa mara mbili: kikundi kidogo cha fidla mbili na selo, ndugu mkubwa wa fidla mwenye sauti nzito, upande mmoja, kundi kubwa upande wa pili. Aina hii huitwa koncheto groso. Tungo zake 12 za namna hiyo zilichapishwa Amsterdam mwaka 1714, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Giuseppe Torelli wa Bologna naye alikuwa ameanza kumpa mpiga fidla mmoja nafasi yake mwenyewe.

Lakini aliyelifanya jambo hili liwe wazi masikioni mwa kila mtu ni Antonio Vivaldi. Mwaka 1703 alianza kufundisha fidla katika Ospedale della Pietà, nyumba ya Venice iliyowalea watoto waliotelekezwa. Wasichana wa hapo walifundishwa muziki hadi wakawa wapigaji wa kusifika, na walipiga wakiwa juu kanisani nyuma ya vizuizi vya chuma, wakisikika bila kuonekana vizuri. Vivaldi aliacha koncheto zipatazo 500. Siri ya mpangilio wake msikilizaji wa Kiswahili ataielewa mara moja, kwa sababu ni kiitikio. Okestra hupiga kiitikio, mpiga solo hutoka na maneno yake, kiitikio hurudi, safari hii kifupi zaidi au kimehamia ufunguo mwingine, yaani ngazi nyingine ya sauti, mpiga solo hutoka tena, na mwisho wote hurudi nyumbani. Waitaliano hukiita ritonelo, yaani kitu kidogo kinachorejea.

Mkusanyo wake wa mwaka 1711 ulisambaa Ulaya. Bach, akiwa kijana Weimar, alizichukua baadhi ya koncheto hizo na kuziandika upya kwa ajili ya kinanda. Huko ndiko alikojifunzia. Katika koncheto ya tano kati ya zile sita alizompelekea mtawala wa Brandenburg mwaka 1721, hapsikodi, kinanda ambacho kazi yake ya kawaida ilikuwa kuwasindikiza wengine, kinajitokeza kidogo kidogo mpaka vyombo vyote vinanyamaza na chenyewe kinapiga peke yake mfululizo kwa vipimo 65, yaani mafungu 65 ya mapigo. Ni kama kuona mtumishi akisimama mezani na kuhutubia.

Mahali pa namna hiyo baadaye palipata jina: kadensa. Karibu na mwisho wa sehemu, okestra hukata katikati ya maneno, kama sentensi inayosubiri kitenzi. Mpiga solo hubaki peke yake na kufumua nyimbo zilizopita kwa ubunifu wake wa papo hapo. Aliyezoea taarabu ya Unguja atakumbuka taksimu ya kanuni au udi. Mpigaji akimaliza hutetemesha noti mbili kwa muda mrefu, na hiyo ndiyo ishara: okestra, rudini.

Wolfgang Amadeus Mozart alikuwa bingwa wa hayo. Koncheto yake ya piano katika ufunguo wa D ndogo aliimaliza tarehe 10 Februari 1785, na kesho yake jioni ikapigwa Vienna. Baba yake, Leopold, aliwasili mjini siku hiyohiyo, na barua yake kwa binti yake inaeleza kwamba walipofika mnakili alikuwa bado anaandika karatasi za wapigaji, na Wolfgang hakuwa amepata hata nafasi ya kuipitia sehemu ya mwisho. Okestra inaanza kwa mhangaiko wa chini chini. Piano inapoingia hairudii lolote lililokwisha kusemwa. Inaleta wimbo wake, mpole na mpweke. Hapo ndipo mpiga solo anapokuwa mtu mwenye hali yake.

Beethoven alikwenda mbali zaidi, na ukiniuliza uanze kusikiliza koncheto gani, nitakwambia yake ya nne, iliyopigwa mbele ya umma Vienna tarehe 22 Desemba 1808. Piano ndiyo inayoanza, vipimo vitano tu, kwa sauti ya chini. Okestra inajibu kutoka ufunguo wa mbali, kana kwamba imeamshwa usingizini. Kisha sikiliza sehemu ya pili. Vyombo vya nyuzi vinakuja kwa ukali, vyote noti moja, kavu. Piano inajibu polepole na kwa unyenyekevu. Vinakaripia tena, piano haipandishi sauti. Zamu baada ya zamu ukali unapungua, mpaka nyuzi zinabaki zikinong'ona. Ni dakika tano hivi, na hakuna aliyeshinda kwa nguvu.

Karne ya 19 ilipenda mpigaji shujaa. Paganini kwa fidla na Liszt kwa piano walijaza kumbi, na koncheto nyingi za wakati huo zimesahaulika kwa sababu okestra ilibaki kusindikiza tu. Mendelssohn alipita njia nyingine: katika koncheto yake ya fidla, iliyopigwa mara ya kwanza Leipzig mwaka 1845, fidla inaingia karibu mara moja, kadensa imeandikwa noti kwa noti na kuwekwa katikati ya sehemu ya kwanza, na fagoti moja, chombo cha kupuliza chenye sauti nzito, inashikilia noti yake kuingia sehemu ya pili.

Karne ya 20 ililiuliza upya swali la mmoja na wengi. Mtunzi Mfaransa Maurice Ravel alimwandikia Paul Wittgenstein, mpiga piano aliyepoteza mkono wa kulia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, koncheto ya mkono wa kushoto peke yake. Ukifumba macho hutajua kwamba mkono ni mmoja.

Naye Béla Bartók, Mhungaria mgonjwa aliyekuwa ugenini Marekani, mwaka 1943 alitunga koncheto isiyo na mpiga solo hata mmoja, kwa sababu kila aliyeko jukwaani ni mpiga solo kwa zamu yake. Sehemu ya pili inafunguliwa na ngoma ndogo peke yake. Kisha wanakuja wawili wawili: fagoti mbili, oboi mbili, ambazo ni ndugu wa zumari, klarineti mbili, filimbi mbili, tarumbeta mbili zilizozibwa midomo. Kila jozi inatembea bega kwa bega, umbali kati ya noti zao haubadiliki, inasema lake na kupisha. Mwishoni inabaki ile ngoma, ikififia.