Pirolisisi ya matairi: maana yake, na kwa nini inazua hofu penye migodi iliyofungwa

Pirolisisi ni kulipasha tairi moto bila kuliunguza. Vipande vya tairi huingizwa kwenye tanuri lisilopitisha hewa, joto likapandishwa hadi kati ya nyuzi 400 na 600 za Selsiasi. Bila oksijeni mpira hauwaki, bali huvunjika ukawa mafuta, gesi na unga mweusi kama masizi. Nyaya za chuma hubaki, zikauzwa kama chuma chakavu.

Ndiyo maana wenye mitambo husema hakuna moshi. Wanasema kweli, ila nusu. Gesi ile kwa kawaida huchomwa papo hapo ili kulipasha tanuri, na mafuta huuzwa yakachomwe kwingine. Tena tairi si mpira mtupu: lina salfa ya kuukaza mpira, na oksidi ya zinki. Salfa hugawanyika kwenye mafuta, gesi na unga. Zinki karibu yote hubaki kwenye unga, ambao ni mwepesi na hupeperuka ukishikwa ovyo. Mafuta nayo yana benzini, inayosababisha saratani. Na kabla ya yote kuna lile rundo linalosubiri zamu yake uani: likishika moto, kulizima ni kazi ya siku nyingi.

Katika Umoja wa Ulaya ni marufuku kufukia matairi mazima jaani tangu 2003, na yaliyokatwakatwa tangu 2006. Lazima yaende mahali. Maeneo yanayoachana na makaa ya mawe, kama bonde la Jiu nchini Romania au Silesia nchini Poland, yana viwanja vya viwanda, reli na watu wanaotafuta kazi. Yana pia Mfuko wa Mpito wa Haki, fedha za Umoja huo za kuyasaidia maeneo kama haya, ulioanzishwa 2021 kwa euro bilioni 17.5 (kwa bei za 2018). Aliyevuta vumbi la makaa maisha yake yote ana haki ya kuuliza kama anabadilishiwa vumbi tu.

Mvutano mkubwa uko kwenye neno "urejelezaji". Sheria ya taka ya Umoja huo ya 2008 haihesabu kugeuza taka kuwa fueli kama urejelezaji. Unga ukirudi kutengeneza tairi jipya, sawa. Mafuta yakiishia kwenye tanuri la mtu mwingine, hapana. Kwa hiyo mwekezaji akija na michoro ya mtambo, mimi ningeomba kwanza kuona mikataba ya wanunuzi wake.