Protini nyingi kwenye maziwa ya kopo haimfanyi mtoto arefuke

Siku ya kliniki haiishi kabla sijaulizwa: "Daktari, nitajie kopo lenye protini nyingi, nataka mtoto akue haraka." Wanaouliza ni wazazi wanaojinyima ili wanunue kopo hilo, na hapo ndipo ninapoumia. Fedha zinateketea, na afya ya mtoto inaweza kuathirika miaka kadhaa mbele. Nimeamua kuliandika kwa kirefu.

Dhana: maziwa yakiwa na protini nyingi, mtoto hukua vizuri zaidi

Si kweli. Maziwa ya mama yaliyokwisha komaa yana takriban gramu 1 ya protini kwa kila mililita 100. Ya ng'ombe yana zaidi ya gramu 3. Ndama anatakiwa asimame siku ile ile aliyozaliwa na awe mkubwa ndani ya miezi michache, kwa hiyo maziwa ya mama yake yametengenezwa kwa kazi hiyo. Mtoto wa binadamu huongezeka mwili taratibu huku ubongo wake ukijengeka kwa kasi. Kiwanda kinapotengeneza maziwa ya kopo huanza na maziwa ya ng'ombe, kisha hupunguza protini. Kwa miaka mingi kiwango kiliachwa juu kuliko cha mama, kwa hofu kwamba protini ya ng'ombe haitoshelezi mahitaji ya mtoto mchanga.

Ziada hiyo ilikuja kupimwa. Watafiti wakiongozwa na Berthold Koletzko wa Munich walichukua watoto zaidi ya 1,000 wanaotumia maziwa ya kopo, waliozaliwa kati ya 2002 na 2004 huko Ujerumani, Ubelgiji, Italia, Poland na Hispania. Waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine maziwa yenye protini kidogo, wengine yenye protini nyingi, kwa mwaka wa kwanza tu. Kalori zilikuwa sawa. Kufikia miaka miwili, waliopewa protini nyingi walikuwa wazito zaidi, lakini kwa urefu hawakuwazidi wenzao hata kidogo. Wale wa protini kidogo walikaribiana na watoto walionyonya. Walipopimwa tena wakiwa na miaka sita, asilimia 10 ya kundi la protini nyingi walikuwa na unene uliokithiri, dhidi ya asilimia 4.4 ya kundi la pili.

Msomaji, rudia hapo kwenye urefu. Mzazi anaponunua protini ya ziada anadhani ananunua kimo na misuli. Anachopata ni mafuta. Aminoasidi, yaani chembe zinazounda protini, zikizidi kwenye damu ya mtoto, mwili humwaga insulini zaidi pamoja na homoni ya ukuaji iitwayo IGF-1, na hizo huamuru mwili ujaze akiba ya mafuta. Figo nazo hufanya kazi ya ziada. Katika utafiti huo huo, kwenye umri wa miezi sita, figo za watoto wa protini nyingi zilikuwa kubwa zaidi.

Umoja wa Ulaya ulishusha kiwango cha juu cha protini katika maziwa ya watoto wachanga kutoka gramu 3 hadi gramu 2.5 kwa kalori 100, na kanuni hiyo ikaanza kutumika 2020. Kiwango cha chini ni gramu 1.8. Kwa hiyo ukilazimika kununua kopo, soma jedwali la nyuma na uchague lililo karibu na 1.8 au 2. Hilo ndilo linalofanana zaidi na titi. Watoto njiti na wenye utapiamlo ni habari nyingine kabisa. Maziwa yao hupangwa na daktari wao.

Mzizi wa dhana hii ni imani kwamba mtoto bonge ndiye mwenye afya. Mama ananyonyesha vizuri kabisa, kisha mwezi wa saba anamlinganisha mwanawe na wa jirani anayekunywa kopo, anaamua maziwa yake ni mepesi. Maziwa yake hayana kasoro. Mtoto anayenyonya hupunguza kasi ya kuongeza uzito katika nusu ya pili ya mwaka, na ndivyo inavyotakiwa. Viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani vya 2006 vilitokana na watoto walionyonyeshwa katika nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Kwa hiyo muulize muuguzi mstari wa mwanao unaendaje, na jirani umwache.

Dhana: kijiko kimoja zaidi humpa mtoto nguvu

Acheni kabisa. Maziwa mazito humkosesha mtoto maji, humfunga choo na kuzilemea figo zake. Kupunguza unga ili kopo lifike mwisho wa mwezi ni hatari vilevile, kwani mtoto anashiba maji huku akidhoofika.

Dhana: maziwa ya ng'ombe ni yale yale, tena ni ya asili

Kabla ya mwaka mmoja yasiwe kinywaji chake kikuu. Madini ya chuma ni haba mno humo, na maziwa hayo yanaweza kuvujisha damu kidogo kidogo kwenye utumbo bila wewe kuiona. Mtoto ananenepa huku damu inapungua. Niwaonapo watoto wanene wenye viganja vyeupe, swali langu la kwanza huwa kama wanakunywa maziwa ya ng'ombe.

Dhana: kopo lenye DHA (aina ya mafuta ya omega-3) litamfanya awe na akili darasani

Mwaka 2021 watafiti wa Uingereza waliunganisha majaribio saba ya zamani ya maziwa yaliyoboreshwa na matokeo ya mitihani ya watoto hao walipokua. Alama zao za hisabati wakiwa na miaka 16 hazikuonyesha faida yoyote. DHA haina ubaya; ubaya ni kulipia kopo bei kubwa kwa ahadi hiyo.

Dhana: akitimiza mwaka lazima ahamie maziwa ya kopo namba 3

Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mwaka 2013 kwamba maziwa hayo hayahitajiki. Endelea kumnyonyesha, mpe dagaa waliosagwa, yai, maharage, mboga za majani, na maziwa ya kawaida yaliyochemshwa.

Kwa wanaotumia kopo kwa sababu ya msingi: koroga unga kwa maji yaliyochemka na ambayo bado ni ya moto, yasiyopungua nyuzi 70, maana unga wenyewe unaweza kuwa na vijidudu. Kisha yapoze, umnyweshe kwa kikombe, chupa ni ngumu kusafisha. Na mkija kliniki, njooni na kopo lenyewe pamoja na kijiko chake. Vijiko vya makopo havilingani, na huko ndiko ninakokuta makosa mengi.