Sahihi ya Ndugu Haichukui Nafasi ya Ridhaa ya Mgonjwa wa Akili

Wakati Siku ya Afya ya Akili Duniani, 10 Oktoba, ikikaribia, sisi maofisa ustawi wa jamii mkoani Kigoma tunaendelea kupokea lalamiko lile lile kutoka kwa familia: kwamba mtoa huduma amemsikiliza mgonjwa badala ya ndugu aliyemleta. Huo si uzembe. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 12 inamtambua mwenye ulemavu wa akili kuwa na uwezo wa kisheria sawa na mtu mwingine yeyote, huku ibara ya 25 ikitaka atibiwe kwa ridhaa yake mwenyewe.

Kwa hiyo mgonjwa huulizwa kwanza kama anataka msaidizi, na yeye ndiye anayemtaja. Anaweza kuwa mama, shemeji au jirani wa Ujiji, si lazima awe aliyelipa nauli kutoka Kasulu. Maelezo hutolewa kwa lugha anayoielewa, kwa Kiha ikibidi, kisha huombwa aeleze kwa maneno yake faida ya dawa, madhara yake, njia nyingine zilizopo, na yanayoweza kutokea asipoitumia. Akishindwa asubuhi kwa sababu dawa ya usiku bado imemlemea, huulizwa tena mchana. Uwezo hupimwa kwa jambo moja moja: asiyeweza kusimamia mauzo ya michikichi anaweza kabisa kuchagua kati ya vidonge vya kila siku na sindano ya kila mwezi.

Tunajua kwamba ndugu ndio wanaokesha naye, na uchovu wao tunauona. Hata hivyo, kumshika mgonjwa mkono na kumbandika dole gumba kwenye fomu si kumsaidia, na anayeghushi sahihi ya mwenzake anakabiliwa na kifungo cha hadi miaka 7 chini ya Kanuni ya Adhabu.

Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaweka utaratibu wa kumlaza mtu bila hiari yake. Baadhi ya familia huuchukulia kama hati ya kurithi mashamba yake akiwa hai, jambo ambalo tumelikanusha mara nyingi mno: usimamizi wa mali ni suala la mahakama.

Aliyepata nafuu aandike mapema, au amwandikishe anayemwamini, dawa iliyomfaa, iliyomdhuru, na nani aitwe hali ikibadilika. Karatasi hiyo aje nayo kliniki ihifadhiwe kwenye faili lake.