Tabaka linalofunika oksidi ya shaba si rangi ya kuzuia maji

Wengi wakisikia kwamba oksidi ya shaba (Cu₂O) inayopasua maji kuwa haidrojeni na oksijeni kwa nguvu ya jua hufunikwa kwa tabaka jembamba, hudhani ni kama rangi ya mabati: kazi yake kuzuia maji tu. Sivyo.

Adui mkubwa wa Cu₂O ni elektroni zake yenyewe. Mwanga huziachilia, na zisipotoka upesi kwenda kutengeneza haidrojeni, huigeuza oksidi kuwa shaba tupu. Ndiyo maana mwaka 2011 watafiti wa EPFL, chuo kikuu cha teknolojia cha Lausanne, Uswisi, waliiwekea oksidi ya zinki yenye aluminiamu kidogo, kisha oksidi ya titani, na juu yake platinamu.

Mahali tabaka hizo zinapogusana na Cu₂O huzuka uga wa umeme unaovuta elektroni kuelekea majini. Volteji huzaliwa hapohapo, na hili ndilo linalonivutia zaidi. Zikiingia kwenye oksidi ya zinki, elektroni hushuka ngazi ya nishati na sehemu ya volteji hupotea bure. Ngazi ya oksidi ya galiamu inakaribiana na ya Cu₂O. Mwaka 2018 EPFL waliitumia, wakapata mkondo wa umeme wa miliampea 10 kwa sentimita mraba, na elektrodi hiyo ya Cu₂O ikadumu zaidi ya saa 100.