Kero, kwa maana ya bwana afya

Mombasa tunaita kero kila kinachotuudhi, kuanzia kelele za jirani hadi foleni ya feri Likoni. Bwana afya, yaani afisa wa afya ya umma, ana maana yake mahususi. Katika Sheria ya Afya ya Umma, Sura 242, kero ni hali ya nyumba au kiwanja inayodhuru afya au inayoweza kuidhuru: choo kinachofurika, taka zilizorundikana, kisima kilichoingiwa na uchafu, maji yanayozaa mbu. Hangoji mtu augue.

Kero ngumu kuliko zote ni ya kisima. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe wenye nyufa na matundu, na maji ya shimo la choo hupita humo upesi bila kuchujwa kama ambavyo mchanga ungeyachuja. Ndiyo maana maji meupe, yasiyo na harufu, yanaweza kubeba kipindupindu. Macho hayatoshi: bwana afya huteka sampuli kwa chupa iliyotakaswa, huiweka kwenye barafu na kuifikisha maabara, afadhali ndani ya saa 6, maana ikichelewa kwenye joto idadi ya bakteria hubadilika na majibu hupotosha. Katika mililita 100 hapatakiwi hata bakteria mmoja wa E. koli, dalili ya kinyesi. Kutia klorini mara moja hakuponyi kisima ikiwa shimo la jirani bado linavuja.

Mapipa wazi nayo ni kero. Mfereji ukikauka watu huweka akiba, na mbu wa dengue hupenda maji hayohayo safi. Yai hufikia kuwa mbu kwa siku 7 hadi 10 hivi, kwa hiyo funika pipa, na kila wiki lisugue kuta, kwa sababu mayai hugandama juu kidogo ya maji. Kumwaga maji tu huyaacha palepale.

Bwana afya akiridhika kuwa kero ipo, hutoa ilani ya maandishi: kosa, la kufanya, na muda. Ilani hupewa aliyesababisha kero; asipoonekana, hupewa mkaaji au mwenye nyumba. Lakini kasoro ikiwa ya ujenzi, mfano shimo lililobomoka, ilani ni ya mwenye nyumba, na mpangaji asikubali kubebeshwa. Muda ukipita kazi haijafanywa, shauri huenda kwa hakimu, kwa hiyo hifadhi nakala ya ilani na risiti za fundi.