Godoro Gumu Si Dawa ya Mgongo

Haipiti wiki katika chumba cha fiziotherapia bila mgonjwa wa mgongo kunieleza, kwa fahari kidogo, kwamba ameshaliondoa godoro lake na sasa analala juu ya mkeka, au juu ya ubao, au juu ya godoro jipya lililo gumu kiasi kwamba ukilipiga kofi unasikia mlio. Ushauri huo amepewa na jirani, na shemeji, na muuza magodoro, na wakati mwingine, nasikitika kusema, na mhudumu wa afya mwenzangu. Ukimuuliza kama maumivu yamepungua anasitasita, kisha anataja kwamba bega na nyonga navyo vimeanza kuuma, lakini anavumilia kwa sababu ameambiwa kwamba mgongo lazima unyooshwe.

Mgongo haukuumbwa kuwa mstari ulionyooka. Ukitazamwa kwa ubavuni, shingoni na kiunoni unaingia ndani, na kifuani unatokeza nyuma. Mtu akilala chali sakafuni, uzito wake hubebwa na kisogo, mgongo wa juu, makalio na visigino, huku kiuno, ambacho ndicho kinachomuuma, kikibaki bila kitu cha kukiegemeza. Mwombe mtu mwingine apitishe kiganja chini ya kiuno chako ukiwa umelala hivyo, naye ataiona nafasi yenyewe. Akilala ubavu hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa bega na nyonga hutokeza kuliko kiuno, na kitu kigumu hakiviruhusu kuzama hata kidogo. Mwenye nyonga iliyolika gegedu, au mwenye baridi yabisi ya mabega, hugeuka usiku kucha akitafuta upande usiouma, na asubuhi anaamka amechoka kuliko alivyolala. Kukosa usingizi huko nako huyafanya maumivu yasikike makali zaidi siku inayofuata.

Suala hili limepimwa. Mwaka 2003 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Hispania na Francisco Kovacs na wenzake, ambapo watu wazima 313 wenye maumivu ya kudumu ya kiuno yasiyo na chanzo mahususi waligawiwa kwa kura magodoro magumu au ya ugumu wa kati, wakayalalia kwa siku 90. Waliopata ya ugumu wa kati walikuwa na nafuu kubwa zaidi ya maumivu kitandani, ya maumivu wakati wa kuamka, na ya uwezo wa kufanya shughuli zao. Ni haki kuongeza kwamba wengi wa waliopata magumu nao waliona nafuu kiasi, na kwamba utafiti huo haukuwahusu wagonjwa wa baridi yabisi. Lakini mtu anayeng'ang'ania kwamba ugumu ndio tiba hana pa kushika hapo. Godoro laini mno nalo silitetei, kwa kuwa makalio huzama, mwili ukakunjika kama uliolala kwenye bembea, na mwenye magoti mabovu akashindwa kujinasua ili ainuke.

Ugumu wa kati wenyewe hutegemea anayelala. Godoro ambalo mtu wa kilo 55 analiona gumu, mtu wa kilo 100 atazama ndani yake, na ndiyo maana kulibonyeza kwa ngumi dukani, kama tufanyavyo sote tukiwa Kariakoo, hakuna maana yoyote. Hulali juu ya ngumi. Chukua kanga, itandike juu ya ile nailoni, vua viatu, ulale kwa mkao unaoutumia nyumbani kwa dakika kumi na tano, hata kama muuzaji anakukodolea macho. Aliyefuatana nawe akuangalie kwa nyuma ukiwa umelala ubavu: uti wa mgongo kuanzia shingoni hadi makalioni uwe sambamba na godoro, usipinde juu wala chini. Muuzaji asiyekubali hilo mwachie godoro lake.

Dhana ya pili ni ndugu wa hiyo ya kwanza, nayo ni kwamba haidensiti, yaani densiti kubwa, maana yake ni ugumu. Densiti ni uzito wa sponji katika ujazo wake. Ugumu ni nguvu inayohitajika kuibonyeza, na viwanda vinaweza kutengeneza sponji nzito iliyo laini au nyepesi iliyo ngumu. Densiti inakueleza zaidi kuhusu kudumu: sponji nyepesi hubonyea mapema na kuacha shimo pale kiuno kinapolala. Usitegemee karatasi iliyobandikwa ubavuni, omba mizani. Godoro la futi 5 kwa 6 lenye unene wa inchi 8 lina ujazo wa karibu mita za ujazo 0.57, kwa hiyo likidaiwa kuwa na densiti ya kilo 25 kwa mita ya ujazo linapaswa kuwa na uzito wa kilo 14 hivi bila foronya yake. Likiwa na kilo 9, umeuziwa maneno.

Neno "othopidiki" kwenye lebo nalo ni la biashara. Halimaanishi kwamba daktari wa mifupa amelipima godoro hilo. Vivyo hivyo ile sponji inayobonyea polepole kufuata umbo la mwili, ambayo wauzaji huiita memori, ilibuniwa miaka ya 1960 katika kazi ya shirika la anga la Marekani, NASA, kwa ajili ya viti vya ndege. Baadhi ya wagonjwa wangu wenye viungo vinavyouma huipenda, lakini hutunza joto, na kwa anayelala Dar es Salaam au Mombasa bila feni mwezi Februari, hilo si jambo dogo.

Wengine huniambia kwamba baridi yabisi waliipata kwa kulala chini kwenye saruji. Hapana. Baridi husababisha wengi wasikie maumivu na ukakamavu zaidi, lakini ugonjwa wenyewe hutokana na kinga ya mwili kuushambulia utando wa ndani ya kiungo. Sababu yangu ya kumkataza mgonjwa wa viungo kulala chini ni nyingine: atainukaje? Kitanda chake kiwe na kimo cha kumwezesha kukaa ukingoni nyayo zikigusa sakafu na magoti yakiwa sawa na nyonga au chini yake kidogo. Kitanda kikiwa kifupi, kiwekewe vipande vya mbao imara chini ya miguu yake kabla ya kufikiria godoro jipya.

Kabla ya kutoa fedha, linyanyue godoro ulilonalo uzitazame chaga. Nimeshaona chaga tatu zikiwa zimevunjika katikati ya kitanda huku godoro likilaumiwa. Kisha ulaze mpini wa fagio juu ya godoro kutoka ukingo hadi ukingo. Ukiona bonde la inchi moja na nusu au zaidi chini ya mpini hata kama hujalala, godoro limekwisha, na kuligeuza juu chini kutakuongezea miezi tu.

Halafu kuna wale wanaonunua godoro la tatu kwa maumivu ambayo godoro halihusiki nayo. Mgongo unaokakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa na kulegea unapoanza kutembea, hasa kwa kijana, unahitaji uchunguzi wa magonjwa ya viungo. Maumivu ya usiku yanayoambatana na homa, jasho na kukonda yanaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho huku kwetu bado kipo na kinatibika kwa dawa. Na miguu ikiishiwa nguvu, au ganzi ikishika sehemu za siri, au mkojo ukikataa kutoka au kutoka wenyewe, nenda hospitali siku hiyohiyo.